Mionzi, Joto na Chumvi: Uimara wa Semikondakta katika Kisiwa cha Unguja

Taasisi yetu ya kilimo ya Kizimbani, hapa Unguja, inaijua mionzi kwa upande wake wa heri. Mbegu za mpunga wa Supa zilipigwa mionzi ya gama kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, watafiti wa hapa wakazipanda na kuzichambua kizazi baada ya kizazi, na mwaka 2011 mkulima wa Zanzibar akakabidhiwa aina mpya iitwayo SUPA BC. Kabla ya hapo, kati ya 1994 na 1997, mbung'o madume waliofugwa Tanga walitiwa utasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja, wiki baada ya wiki, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa mwaka 1996, mifugo ikapona ugonjwa wa nagana wanaoueneza. Kiasi cha mionzi kinachofyonzwa na kitu hupimwa kwa kipimo kiitwacho gray. Binadamu akipigwa mwili mzima kwa gray 4 au 5, na asipate matibabu, uwezekano wake wa kufa ni nusu kwa nusu. Mbung'o hutiwa utasa kwa makumi ya gray hadi mia na ushei. Mbegu za mpunga, zinapotafutiwa mabadiliko ya kurithi, kwa kawaida hupewa kati ya gray 100 na 300. Chipu za kawaida, za aina iliyomo ndani ya redio na vidhibiti vya sola, nyingi huanza kuharibika kati ya gray 50 na 200, ingawa zipo zinazostahimili zaidi. Basi kitu hiki tunachokidhani kuwa ni jiwe tu, kisicho na uhai wala ugonjwa, kinasimama jirani na nzi na mbegu. Nacho huumia, na tena huumia kwa namna inayoweza kuelezwa.

Hoja yangu leo ni moja. Uimara wa kifaa cha semikondakta, kama chipu hizo, hauwezi kusomwa kwenye karatasi ya kiwandani peke yake, kwa sababu uimara ni uhusiano kati ya kifaa na mahali kinapofanyia kazi. Anga za juu zina mikazo yake, Ulaya ya kaskazini ina yake, na Unguja ina yake. Tunanunua vifaa ambavyo umri wake umekadiriwa kwa ajili ya mahali pengine, kisha vikifa mapema tunasema ni bahati mbaya au mkono wa fundi. Ninataka kuonesha kwamba vifo hivyo vina sababu zinazojulikana kwa fizikia, na kwamba kazi ya kuzijua kwa hapa kwetu hakuna atakayetufanyia.

Tuanze na kinachotokea ndani. Transista ya kisasa ni kipande cha silikoni chenye lango juu yake, na kati ya lango na silikoni kuna utando mwembamba mno wa oksidi, ambao kazi yake ni kuzuia umeme usipite. Volteji ikiwekwa langoni, njia ya umeme hufunguka chini yake. Ikiondolewa, njia hufungwa. Mwonzi wa gama ukipita kwenye oksidi hiyo hung'oa elektroni na kuacha matundu yenye chaji chanya. Elektroni ni nyepesi, hutoka upesi. Matundu hutembea polepole, na mengine hunaswa karibu na mpaka wa silikoni yasitoke tena. Chaji hiyo iliyonaswa hujilimbikiza kama tope linavyojilimbikiza kwenye mfereji wa mpunga: maji bado yanapita, lakini lango lililopaswa kufunga halifungi sawasawa, na umeme huvuja pale usipotakiwa. Transista moja iliyo hivyo haisumbui. Zikiwa milioni kadhaa ndani ya chipu moja, chipu hupata moto, hutumia umeme zaidi, hesabu zake huchelewa, mwishowe hunyamaza. Huo ndio uharibifu wa kulimbikiza. Upo pia uharibifu wa kung'oa, ambapo protoni au nyutroni huigonga atomu ya silikoni na kuihamisha mahali pake. Huo huzidhoofisha zaidi seli za sola. Na upo wa tatu, wa chembe moja inayopita mara moja na kuacha kosa, ambao nitaurudia kwa sababu ndio unaotuhusu zaidi sisi tuishio ardhini.

Historia ya elimu hii iliwahi kupita hapa Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tunguu, mahali ambapo sasa pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia. Miezi michache baadaye, tarehe 9 Julai 1962, Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 hivi juu ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Elektroni za mlipuko ule zilinaswa na usumaku wa dunia, zikafanya mkanda wa mionzi uliodumu kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia walioufanya. Kesho yake, Julai 10, satelaiti ya mawasiliano Telstar ilirushwa na kuingia moja kwa moja katika mkanda huo. Ariel 1, satelaiti ya kwanza ya Uingereza, ikapoteza nguvu za seli zake za sola. Mwanaanga Schirra aliporuka Oktoba mwaka huo kwa mizunguko sita, wahandisi walilazimika kwanza kukadiria mionzi hiyo ingemfikia kwa kiasi gani. Njia yake ilikuwa chini ya mkanda, akarejea salama. Kituo cha Tunguu kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Kilichoipata Telstar kinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna mzizi wa hoja yangu. Mwezi Novemba 1962 ilianza kukataa amri kutoka ardhini. Wahandisi wa Maabara za Bell walichukua transista za aina ileile na kuzipiga mionzi maabarani, nazo zikaugua ugonjwa uleule. Walibaini kwamba gesi iliyomo ndani ya kifuniko cha transista ilikuwa ikipata chaji kutokana na mionzi, na chaji hiyo ikatua juu ya uso wa transista. Jambo kubwa zaidi waliloliona ni kwamba uharibifu ulikuwa mkali pale transista ilipokuwa na volteji, na ulipungua volteji ilipoondolewa. Kwa hiyo walitunga amri za hila za kuikatia umeme sehemu iliyougua, na Januari 1963 Telstar ikasikia tena. Ilidumu kwa wiki chache, ikanyamaza kabisa mwezi Februari. Angalieni somo lililomo: mionzi peke yake haikuwa sababu kamili, wala volteji peke yake. Vilikutana. Mtu aliyepima transista zile kwa volteji bila mionzi, au kwa mionzi bila volteji, angeandika cheti cha uzima kwa kitu kilichokuwa karibu kufa.

Pwani yetu ya Waswahili ina mfano mwingine, huu wa kuchagua mahali kwa busara. Waitaliano, chini ya Luigi Broglio, walijenga jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Malindi, likaitwa San Marco, na mwaka 1967 wakarusha satelaiti yao hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksi angani, ikapewa jina la Uhuru. Karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia, na hiyo ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi. Lakini kwa Uhuru ilikuwapo faida nyingine: chombo kinachozunguka chini, juu ya ikweta, hukwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa, hasa ile inayokaribia dunia juu ya kusini mwa Atlantiki. Vyombo vyake vya kupimia vikapata utulivu. Wataalamu wale hawakuibadilisha silikoni, waliichagulia njia. Leo Kenya imekwisha kurusha satelaiti zake, 1KUNS-PF mwaka 2018 na Taifa-1 mwaka 2023, na vijana wa Afrika Mashariki watakaoziunda zinazofuata watalazimika kuyahesabu haya yote upya kwa kila njia watakayoichagua.

Hapa msikilizaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema: hayo ni ya angani, sisi tuko Unguja, usawa wa bahari, chini ya hewa nzito, tena karibu na ikweta. Mwaka 1927 Mholanzi Jacob Clay, akisafiri kwa meli kati ya Java na Ulaya, alikuta kwamba mionzi kutoka angani hupungua kadiri chombo kinavyoikaribia ikweta, kwa kuwa usumaku wa dunia huzigeuza chembe zenye chaji. Basi mionzi ina nini na sisi? Sehemu ya kwanza ya jibu ni kukubali. Mionzi ya asili inayompata mtu kwa mwaka, kwa wastani wa dunia, ni kama milisivati 2.4, kipimo cha athari ya mionzi mwilini. Tukiichukulia kwa makadirio kuwa sawa na gray 0.0024, basi chipu ingekaa miaka mia na kufyonza kama robo ya gray tu, na nimekwisha kusema uharibifu wa kulimbikiza huanza makumi ya gray. Kwa hiyo, ukiondoa vyumba vya kupigia mionzi mbegu na wadudu, na vile vya kutibia saratani, hakuna kifaa Unguja kitakachochakaa kwa sababu ya dozi. Anayekuambia simu yako imechoka kwa mionzi ya anga anakudanganya.

Sehemu ya pili ya jibu ni ile chembe moja. Mwaka 1978 wahandisi wa Intel, Timothy May na Murray Woods, waliripoti kwamba kumbukumbu za kompyuta zilikuwa zikigeuza sifuri kuwa moja bila chochote kuharibika, na wakaifuata sababu hadi kwenye urani na thori kidogo iliyokuwamo katika kauri ya kifuniko cha chipu. Chembe moja ya alfa iliyotoka kwenye kifuniko ilitosha kufuta alama moja. Mwaka uliofuata James Ziegler wa IBM na mwenzake William Lanford walionesha kwamba hata mionzi ya anga inayofika usawa wa bahari yaweza kufanya vivyo. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa Mei 2003, mashine ya kupigia kura ya Schaerbeek ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada, na hitilafu ikagunduliwa kwa kuwa idadi ilizidi zilizowezekana. Namba hiyo ni mbili kwa kipeo cha kumi na mbili, yaani alama moja tu ya kompyuta iliyogeuka. Haikupata kuthibitishwa kwamba ni chembe ya angani, ila uchunguzi haukupata kosa katika programu, na maelezo hayo ndiyo yaliyobaki kuwa ya karibu zaidi. Ikweta hupunguza chembe hizo, haizimalizi.

Tena kuna upande wa vifaa vya nguvu kubwa, ambao nadhani utakuja kutugusa kuliko kura za Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vichwa vya treni za umeme Ulaya vilipoanza kutumia semikondakta za volteji kubwa, baadhi zililipuka ghafla bila dalili yoyote ya kuchoka. Watafiti walizipeleka sampuli chini ya ardhi, katika mgodi wa chumvi, wakaziweka kwenye volteji ileile, milipuko ikakoma. Wakazitoa juu, ikarudi. Nyutroni za angani zilikuwa zikigonga silikoni iliyokuwa imebeba volteji kubwa mno, na mgongano mmoja ukafungua njia ya umeme iliyochoma kipande chote. Tiba haikuwa kuzificha treni chini ya mwamba. Walipunguza volteji ambayo kila kipande hubebeshwa, maana uwezekano wa kulipuka hupanda kwa kasi kubwa volteji inapokaribia kikomo. Reli ya umeme ya Tanzania, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, inapanda hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako nyutroni huwa karibu mara mbili ya zilizopo pwani. Mtu anayenunua vipuri vya treni hizo au vya inveta za mashamba ya sola ya bara lazima aulize kipande kinabebeshwa sehemu gani ya uwezo wake. Na hapa tena, kama kwa Telstar, chembe na volteji vimekutana.

Sasa tushuke kwenye mkazo usiotokana na mionzi. Nimeieleza mitego ya chaji inayoachwa na mionzi ndani ya oksidi. Volteji ya muda mrefu pamoja na joto huvunja vifungo vya hidrojeni kwenye mpaka uleule wa silikoni na oksidi, na kuacha mitego inayofanana sana na ile, bila mwonzi wowote kupita. Waya mwembamba ndani ya chipu nao, ukibeba umeme mwingi katika joto, atomu zake husukumwa na elektroni zikahama, mahali pengine pakabaki tundu na pengine pakavimba. Mhandisi James Black aliiandikia hali hiyo kanuni mwaka 1969. Karibu yote haya hufuata kanuni ya Arrhenius, kwamba kasi hupanda kwa kipeo joto linapopanda. Tufanye hesabu. Chukua chipu ambayo, ikiwa chumba kina nyuzi 20, ndani yake huwa na nyuzi 60. Iweke katika chumba cha nyuzi 32, joto la mchana wa kaskazi hapa, nayo ndani itafika nyuzi 72. Kwa nishati ya uamsho ya elektroni-volti 0.7, ambayo wahandisi huitumia mara nyingi, uchakavu wake utakwenda kasi mara 2.3. Kifaa kilichokadiriwa miaka kumi kule kitaishi hapa miaka minne na kitu. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba. Nyuzi kumi na mbili tu zimefanya hivyo.

Joto lina mwenzake, nao ni unyevu, na huu ndio ninaouogopa zaidi kwa Unguja. Plastiki inayofunika chipu hupitisha mvuke wa maji. Mvuke ukifika ndani na kukutana na chumvi, mabaki ya lehemu na volteji kidogo, kutu huanza, na nyuzi za metali huota kati ya njia mbili hadi zikagusana. Kanuni inayotumika sana kukadiria haya, ya Peck, huupandisha unyevu kwa kipeo cha karibu 2.7. Ukitoka hewa ya asilimia 50 kwenda asilimia 80, ambayo ni ya kawaida kisiwani kwetu, kasi hupanda mara tatu na nusu. Lakini kuna jambo ambalo hesabu hiyo peke yake hailisemi. Kifaa kilichowashwa hujikausha, kwa sababu joto lake hufukuza unyevu ulio karibu yake. Kifaa kilichozimwa hupoa, na usiku wa masika hewa ndani ya kasha lake hukaribia kutoa umande. Maana yake ni kwamba kuzima siko kupumzisha. Kifaa kinachozimwa na kuwashwa mara kwa mara hupata ubaya wa pande zote mbili: hufyonza maji kikiwa baridi, kisha hupewa volteji kikiwa na maji.

Tuikumbuke basi historia ya umeme wetu. Waya wa kwanza wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba hapa Unguja, uliwekwa mwaka 1980, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Mwezi Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ikaingia tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010, miezi mitatu ya kaskazi nzito, jenereta zikinguruma Mji Mkongwe na hoteli za pwani, na maji yakikosekana kwa kukosa pampu. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Watu wanapoihesabu hasara ya kipindi kile huhesabu samaki walioharibika na watalii walioondoka, na ni sawa kuhesabu hivyo. Lakini fizikia niliyoieleza inatulazimisha kuongeza hasara nyingine isiyoonekana: kila friji ya dawa, kila kompyuta ya skuli, kila mashine ya hospitali iliyokaa imezimwa katika hewa ya chumvi kwa wiki nyingi ilikuwa ikifyonza unyevu, zilizowashwa kwa jenereta ndogo zilikuwa zikipewa umeme unaopanda na kushuka, na umeme mkubwa uliporudi, vifaa vyote vikiwa vimeachwa wazi kwenye soketi, wimbi la kwanza lilivikuta vimekwisha kudhoofika. Kuzimika kwa umeme ni mkazo wa aina tatu kwa pamoja. Hata sasa, kukatika kwa dakika kumi mara nne kwa siku kunaitanua na kuikunja lehemu kila mara joto linapopanda na kushuka, na lehemu, kama metali yoyote inayokunjwa, ina idadi yake ya kukunjwa.

Wapo watakaosema tatizo letu ni bidhaa bandia, si fizikia. Mafundi wa mitaa ya Darajani na Mwanakwerekwe wanazijua vizuri chaja zenye jina kubwa na matumbo matupu. Sikatai. Ila bandia na mkazo si maelezo mawili yanayoshindana. Chaja bandia ni ile ambayo mtengenezaji ameondoa akiba: kapasita ya volteji ndogo kuliko inayotakiwa, nafasi finyu kati ya upande wa umeme mkubwa na mdogo, hakuna kizuia wimbi. Katika chumba kikavu chenye umeme tulivu yaweza kuishi miaka. Hapa hufa kwa miezi. Mazingira yetu huyafichua maovu ambayo mazingira mengine huyasitiri, na kwa hiyo sisi tunahitaji ukaguzi mkali zaidi kuliko wao, wala hatuwezi kuridhika na ukaguzi sawa na wao.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa wahandisi wenyewe. Wanasema viwanda hupima chipu kwa nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, hali mbaya kuliko Unguja yoyote. Inayopita hapo itapita popote. Naliheshimu jaribio hilo, limeokoa mengi. Lakini hupima chipu, halipimi bodi iliyolehemiwa, kasha lenye matundu, feni inayovuta hewa ya bahari ndani, sisimizi wanaotafuta joto, wala umeme unaokatika. Pili, kutoka saa 1,000 za maabara kwenda miaka kumi ya kazi kuna daraja la kanuni, na kanuni ikichaguliwa vibaya, au kifo kikitokea kwa njia ambayo joto kali halikuichochea, daraja halifiki ng'ambo. Chumvi ni mfano: jaribio la unyevu safi haliijui. Tatu, na hili ndilo somo la Telstar, mikazo iliyopimwa mmoja mmoja haitabiri mikazo inayokutana. Jaribio la kiwandani ni ushahidi juu ya kiwanda. Ushahidi juu ya Unguja hupatikana Unguja.

Kuna wanaoona yote haya hayana maana kwa kuwa vifaa hupitwa na wakati kabla ya kufa. Kwa simu ya kijana wa mjini, huenda. Kwa kidhibiti cha sola kijijini, pampu ya umwagiliaji, mashine ya kutotolea vifaranga, friji ya chanjo ya mifugo au kipimo cha mvua, hapana. Vitu hivyo hununuliwa kwa fedha za mradi na mradi hauji kila mwaka. Taka zake nazo, zenye risasi na sumu nyingine, hubaki kisiwani ambako hakuna pa kuzitupia.

Je, tununue basi vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya jeshi na anga? Hapana, na hapa ndipo kujua aina ya mkazo kunapookoa fedha. Vipande vilivyokingwa dhidi ya mionzi ni ghali mno na vinatibu ugonjwa ambao hatuna. Tunachohitaji ni cha bei nafuu: bodi iliyopakwa vanishi ya kinga, kasha lisiloingiza hewa ya bahari, inveta iliyonunuliwa kubwa kuliko mzigo wake ili isipate moto, kizuia wimbi cha kweli, kichelewesho kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuuingiza, na kwa vifaa vya thamani, joto kidogo ndani ya kasha hata vikiwa havitumiki. Tazameni nyaya za intaneti za SEACOM na EASSy, zilizoanza kazi katika pwani yetu mwaka 2009 na 2010. Chini ya bahari, kila baada ya makumi ya kilomita, kuna kikuza mawimbi chenye semikondakta, na vikuza vya aina hiyo huundwa vikae miaka 25 bila fundi kuvigusa. Mwezi Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipokatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, kilichokatika kilikuwa waya. Semikondakta hudumu kule kwa sababu kuna mtu aliyejua joto la mahali, mgandamizo wake na umeme wake, akaunda kwa ajili ya mahali hapo. Bahari ileile inayoua redio ya ufukweni Nungwi inalinda kikuza mawimbi cha sakafuni.

Ninachopendekeza kifanywe kinaweza kuanzia hapa hapa, katika taasisi iliyozoea kupanda aina kumi za mpunga katika vitalu kumi na kuandika kila kilichoota na kilichokufa. Kifaa chochote cha umma kikifa, kiandikwe: aina yake, siku kilipowashwa mara ya kwanza, siku kilipokufa, umbali wake na bahari, kilikuwa kimewashwa au kimezimwa, umeme ulikatika lini kabla ya hapo, na fundi alikuta nini alipokifungua. Taasisi ikifungue, si kukitupa. Kando yake viwekwe vifaa vichache vya aina moja, vingine Kizimbani ndani kisiwani, vingine ukingoni mwa bahari, vingine vikiwa na kizuia wimbi na vingine bila, vyote vikiwa na kipimo cha joto, unyevu na volteji. Matokeo yanaweza kunikosoa. Vifo vikikusanyika ndani ya siku chache baada ya umeme kurudi, vya Kizimbani sawa na vya pwani, basi nimeukuza unyevu kupita kiasi na fedha ziende kwenye vizuia wimbi. Vikifuata masika na ukaribu wa bahari bila kujali umeme, fedha ziende kwenye vanishi na makasha. Na vikitokea pale tu viwili hivyo vinapokutana, kifaa kilicholala kimezimwa wiki za masika kisha kikapokea wimbi, itabidi masharti ya zabuni ya kila wizara yataje yote mawili katika kifungu kimoja, na mkaguzi ayapime yakiwa pamoja.